Siku Nne Chicago na Bahasha ya Zawadi za Watoto

Tangu tuoane, mimi na Baba Neema hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu. Miaka kumi na mitano, na kila safari ilikuwa ya msiba, ya harusi, au ya kupeleka watoto kwa bibi yao. Kwa hiyo mwaka 2024, tulipokuwa tunapanga kwenda kumtembelea dada yangu Minnesota, yeye ndiye aliyetusukuma kwenye simu. "Watoto mtaniachia mimi. Si mama yao mkubwa? Ninyi pandeni treni, nendeni Chicago siku nne, mle vizuri, mlale vizuri, mrudi."

Mimi nilitaka vitu vitatu. Hoteli nzuri ndani ya jengo la zamani. Michoro niliyokuwa nikiiona vitabuni tangu nikiwa shule. Na mlo mmoja wa jioni katika migahawa ile ambayo mpishi ndiye anayeamua utakula nini. Baba Neema alisema anataka kupumzika, nami nikaona tunataka kitu kimoja. Nikachukua daftari nikaanza kupanga. Yeye akawa anajibu, "Sawa, panga tu."

Naandika haya kwa sababu karibu kila kosa tulilofanya lingeweza kuepukwa kama mtu angekaa nasi dakika kumi kabla hatujaondoka.

Nianze na hoteli, maana fedha ndiko zilikoanza kuvuja. Nilitafuta chumba katikati ya mji, eneo linaloitwa Loop. Chicago ni mji wa mikutano, una ukumbi wa McCormick Place ambao ndio mkubwa kuliko kumbi zote za mikutano Amerika Kaskazini, na wiki yenye mkutano mkubwa chumba kilekile hupanda bei vibaya sana. Nilibadilisha tarehe mara nyingi hadi nikaangukia dola 235 kwa usiku, Jumatatu hadi Ijumaa ya mwishoni mwa Oktoba. Usiku nne, dola 940. Nikaandika hiyo 940 kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, nikamwambia mume wangu tumeshamaliza habari ya malazi.

Tulifika Jumatatu jioni. Hoteli ilikuwa nzuri kweli, siwezi kusema vinginevyo: ngazi za marumaru, taa za shaba, lifti yenye milango ya nakshi. Kijana wa mapokezi akachukua kadi yetu ya benki, akaniletea karatasi ya kusaini. Jumla ilikuwa dola 1,244. Kulikuwa na ada ya lazima ya hoteli, dola 30 kila usiku, ambayo niliipita kwa sababu iliandikwa kwa herufi ndogo. Juu ya yote mawili kulikuwa na kodi za malazi, ambazo Chicago zilizidi asilimia 17. Kisha akaongeza kwa upole kwamba hoteli itazuia dola 100 kwa kila usiku, kama dhamana ya vitu tutakavyotumia chumbani. Nikasaini. Nilikuwa nimechoka na treni, na kusema kweli niliona haya kuuliza mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yetu.

Huo uzuiaji ndio uliokuja kutuumiza, kwa hiyo nieleze unavyofanya kazi. Ukitoa kadi ya mkopo, hoteli inapunguza tu kiwango unachoruhusiwa kukopa. Ukitoa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, kama yetu, ni fedha yako halisi inayofungiwa. Ipo, lakini huwezi kuigusa, na hata ukishaondoka benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia. Tulikuwa tumetenga dola 2,000 kwenye kadi ile kwa safari nzima. Tulipopanda lifti usiku ule zilikuwa zimebaki 356, na sisi hatukujua. Tulikuwa bado tunahesabu kwa ile 940 ya kwenye daftari.

Tangu Mei 2025 sheria ya shirikisho ya Marekani inazitaka hoteli zioneshe bei yenye ada zote za lazima tangu mwanzo, lakini kodi bado zinaweza kuongezwa mwishoni. Kwa hiyo usiandike bei yoyote kwenye daftari lako mpaka umefika ukurasa wa mwisho kabisa wa malipo. Na waandikie hoteli mapema uwaulize maswali mawili: mnazuia kiasi gani, na mnapokea aina gani ya kadi.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa reli. Treni nyingi za Chicago katikati ya mji hazipiti chini, zinapita juu ya barabara kwenye nguzo za chuma, zikizunguka mzunguko uliokamilika mwaka 1897. Mchana ni kitu cha kupendeza kutazama. Usiku, kwenye kona, magurudumu yanapiga kelele kama kisu juu ya kinoo. Asubuhi Baba Neema alikuwa na macho mekundu. Ningeomba chumba cha juu, upande wa ndani, wangenipa bila neno. Sikuomba.

Jumanne. Daftari lilisema: saa tano asubuhi, Art Institute, jumba la sanaa la Chicago. Tukatoka kwa miguu, upepo wa ziwani unatukata masikio, tukafika kwenye wale simba wawili wa shaba waliosimama mbele ya jumba hilo tangu 1894. Milango imefungwa. Jumba hufungwa Jumanne na Jumatano. Linafunguliwa Alhamisi hadi Jumatatu. Nilikuwa nimechagua siku za katikati ya wiki kwa sababu ya bei ya chumba, na siku mbili kati ya tatu kamili tulizokuwa nazo zilikuwa zimefungwa. Habari hiyo iko wazi kwenye tovuti yao, ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimesoma kuhusu michoro tu.

Nilisimama pale nikataka kulia. Baba Neema akasema, "Basi tutembee."

Na hapo, bila kupanga, tukapata asubuhi nzuri kuliko zote. Mtu anayekwenda Chicago kwa ajili ya sanaa ajue kwamba sehemu kubwa yake iko nje, bure. Dakika chache tu kutoka wale simba kuna sanamu ya Cloud Gate ya Anish Kapoor, mabamba 168 ya chuma cha pua yaliyounganishwa na kung'arishwa mpaka huoni kiungio, wenyeji wanaliita harage. Unapita chini yake unajiona umenyooshwa kama uji unaomwagwa. Ukivuka barabara kuna Chicago Cultural Center, jengo lililofunguliwa 1897 likiwa maktaba ya mji. Hakuna kiingilio. Ghorofani kuna kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa zaidi ya mita 11, na tulikaa chini yake nusu saa nzima, koti zimefunguliwa, tukipasha miguu moto. Kwenye ukuta wa nyuma wa jengo hilohilo kuna mchoro mkubwa wa Kerry James Marshall wa mwaka 2017, wanawake walioujenga utamaduni wa mji huo wamechorwa kama vichwa vilivyochongwa kwenye vigogo vya miti. Nikamtambua mshairi Gwendolyn Brooks, nikamtambua Oprah Winfrey. Watu wengi wanapita mbele ya jengo na hawaendi kule nyuma.

Tukaendelea. Sanamu ya Picasso ya 1967 kwenye uwanja wa Daley, ndefu kama mita 15, ambayo mwenyewe alikataa malipo akaitoa zawadi kwa watu wa mji. Mozaiki ya Chagall ya majira manne. Sanamu ile nyekundu ya Calder, Flamingo, ya 1974, inayosimama kati ya majengo meusi ya serikali kama mtu aliyevaa nguo ya sherehe ofisini. Baba Neema ni mkadiriaji wa majengo. Alisimama chini ya Flamingo akihesabu maungio ya chuma, akanieleza mzigo unavyoshuka ardhini. Sikumbuki mara ya mwisho alipoongea nami dakika ishirini mfululizo juu ya kitu kisichokuwa ada ya shule.

Saa tisa mchana njaa ikatukamata. Tukaingia mahali wanapooka pizza nene ya Chicago, ile yenye kingo ndefu kama sufuria, jibini chini, nyanya juu. Huchukua kama dakika 45 kuiva. Tukaisubiri, tukaimaliza. Ilikuwa tamu sana. Na saa mbili usiku tulikuwa na mlo wa sahani kumi.

Kuhusu mlo huo, kuna mambo sikuyajua. La kwanza ni kwamba migahawa mingi ya aina hii haiwekei watu nafasi bure. Unanunua meza kama tiketi ya ukumbi wa maonyesho, unalipa yote kabla. Mtindo huo ulikua pale pale Chicago, mgahawa wa Next uliofunguliwa 2011 ukiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Usipotokea fedha hairudi, ingawa mara nyingi unaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako. Wetu ulikuwa na nyota moja ya Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa bora, na nilikuwa nimelipa miezi miwili nyuma, karibu dola 480 kwa watu wawili, asilimia 20 ya huduma na kodi zikiwa ndani. Nilifanya vizuri kulipa mapema. Kibaya ni kwamba nilidhani nimelipa kila kitu.

La pili, kwenye fomu ya kulipia kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama kuna chakula kinachomdhuru mtu. Nilikiruka. Mume wangu akila kamba au kaa midomo inavimba. Tulimwambia mhudumu tumeshakaa, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Hakukasirika, ila jikoni pale kila sahani imeandaliwa tangu asubuhi. Wakambadilishia mbili, kwa heshima kubwa, lakini moja ilikuwa saladi tu, na ile niliyokula mimi yenye kaa ndiyo ilikuwa bora kuliko zote za usiku ule. Kisanduku kile kingechukua sekunde tano.

Sahani zilikuja moja moja, na kila moja ni tonge mbili au tatu. Nakumbuka kiazi kimoja kidogo kama yai la kware, kimeokwa ndani ya udongo, mpishi akaja mwenyewe kuuvunja mezani, harufu ya mvua ikajaa kati yetu. Nakumbuka boga lililochomwa mpaka likawa jeusi nje na asali ndani. Nataka niseme wazi, kwa wanaoamini kwamba huu ni upotevu wa fedha: kulikuwa na mikono ya watu wanaoijua kazi yao, na nilijisikia kuheshimiwa. Lakini kufikia sahani ya sita pizza ilikuwa imenikaba. Sahani ya nane, nyama iliyopikwa kwa saa nyingi, niliiacha nusu. Mhudumu akauliza kama kuna tatizo. Ningeweza kumweleza nini? Siku ya mlo wa namna hii kula asubuhi vizuri, mchana chukua supu au tunda, basi.

Mwanzoni kabisa, kabla ya sahani ya kwanza, mhudumu alikuwa ametuuliza kama tungependa vinywaji vya kuandamana na chakula, vya mvinyo au visivyo na kilevi. Nikajibu ndiyo kwa niaba yetu wote wawili, mimi mvinyo, yeye visivyo na kilevi, kwa sababu nilidhani ni sehemu ya tulicholipia. Vilikuwa vizuri. Chai za moshi, maji ya mapera yaliyochachuka kidogo. Mwisho ikaja bahasha ndogo ya ngozi. Dola 95 kila mmoja, pamoja na huduma na kodi: 253.

Nikatoa kadi. Ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa.

Tulikuwa tumebakiwa na 356, tukakata 110 za tiketi za boti ya kesho yake, na 48 za pizza. Sasa nahesabu kwa urahisi. Pale mezani nilichojua ni kwamba tulikuwa na kama dola mia tisa kwenye kadi na mashine inasema hatuna. Watu wa meza ya jirani walinyamaza kidogo, au mimi niliona wamenyamaza. Baba Neema akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa bahasha. Ilikuwa ya zawadi za watoto, dola 300 taslimu tulizowaahidi kabla hatujaondoka nyumbani, viatu vya Neema na mpira wa mdogo wake. Akahesabu 253 moja moja juu ya kitambaa cheupe. Hakusema kitu.

Tulirudi hotelini kwa miguu, dakika kama ishirini, tukavuka daraja, mto mweusi chini na taa za maghorofa zinacheza majini. Ni mojawapo ya mandhari nzuri nilizowahi kuona na sikuweza kuitazama.

Jumatano asubuhi tukalala mpaka saa tatu. Mimi nilimaliza daftari zamani, hakukuwa na pa kwenda kabla ya boti. Nikatengeneza chai kwa ile birika ya chumbani, tukakaa na yale majoho meupe ya kuogea, na ndipo ikatoka.

Alisema, "Mama Neema, mimi sina hasira ya fedha. Fedha tutatafuta. Nina hasira kwamba unaniongoza kama mgeni wa semina. Saa tano hapa, saa saba pale. Hata kinywaji umenijibia."

Nami nikamwambia ukweli wangu, kwamba miezi miwili nilikuwa nikimuuliza na yeye akijibu "panga tu", na mtu akishasema panga tu hana haki ya kununa anapopangiwa. Nilikuwa nikitetemeka. Tulinyamaza muda mrefu. Treni ilipita nje ikakwaruza kona yake. Halafu akasema, "Hiyo ni kweli."

Tulichukua ukurasa mpya. Tukapiga simu mapokezi tukauliza hesabu yote, wakatueleza kile kizuizi cha dola 400. Wakatuhamishia chumba pia, ghorofa ya kumi na moja, upande wa ndani, bila malipo, kwa kuomba tu. Nikampigia dada yangu, akatutumia dola 350, tukakubaliana tutamlipa fedha ikiachiwa. Kisha tukaweka utaratibu tunaoutumia mpaka leo: kila siku ina jambo kubwa moja tu, siku moja analichagua yeye, siku nyingine mimi. Na kila mmoja ana dola 40 kwa siku ambazo mwenzake haulizi zimekwendaje. Yeye alitumia za siku ile kununua kofia ya sufu. Mimi za kwangu nilizikalia.

Tulikuwa na mlo mwingine mkubwa Alhamisi, mgahawa tofauti. Huo sikuwa nimelipia, walishika tu namba ya kadi, kwa sharti la kutozwa faini usipofuta angalau saa 24 kabla ya mlo. Tulikuwa na saa 33. Tukafuta. Milo miwili ya sahani kumi ndani ya siku tatu ni mingi mno kwa tumbo na kwa ulimi, hata ukiwa na fedha. Wa pili hauuonji, unaulinganisha tu na wa kwanza.

Boti ilikuwa chaguo la Baba Neema, saa moja na nusu mtoni na mwelekezi anayeeleza majengo. Moto wa 1871 uliunguza katikati ya mji karibu yote, na mji ulioinuka baada yake ndio uliofundisha dunia kujenga kwenda juu. Mto wenyewe waligeuza mkondo wake mwaka 1900 ili uchafu usiingie kwenye ziwa wanalokunywa maji. Baba Neema alikuwa amesimama muda wote, kofia mpya masikioni. Tulipopita minara miwili ya Marina City akaniita kwa sauti, "Tazama, magunzi!" Ni kweli, inafanana kabisa na magunzi ya mahindi, na ghorofa 19 za chini ni maegesho ya magari yaliyojipanga ukingoni. Tulipita pia chini ya daraja lenye jina la DuSable, mfanyabiashara mweusi aliyeweka makazi mahali pale mwishoni mwa miaka ya 1700, kabla ya kuwapo mji. Tulikuwa tumepita juu yake usiku uliotangulia.

Jioni tukaingia kwenye ukumbi wa Palmer House. Hatukulala pale, kumbi za mapokezi za hoteli kubwa za zamani ziko wazi, unaingia, unakaa, unaagiza chai au huagizi. Tazama dari. Hoteli ya kwanza ya jina hilo iliungua siku 13 baada ya kufunguliwa, katika moto uleule wa 1871. Mke wa mwenye hoteli, Bertha Palmer, alikuwa mnunuzi mkubwa wa michoro ya mchoraji Monet na wenzake wakati ambapo wengi hawakuithamini, na mkusanyo wake uliingia Art Institute mwaka 1922. Kwa hiyo kesho yake, mbele ya zile chungu za ngano za Monet, nilijua baadhi yake zilikotoka.

Kwenye chai ile nilifanya kosa dogo la mwisho. Risiti ilikuwa na asilimia 20 ya huduma tayari, na chini yake mstari mtupu wa bahshishi. Nikaujaza. Nililipa mara mbili. Mahali ambapo huduma haimo, 18 hadi 20 kwa mia ni kawaida, inahesabiwa kabla ya kodi. Lakini soma risiti yote kwanza, mstari kwa mstari.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Jumba linafunguliwa saa tano, na siku hiyo hukaa wazi mpaka saa mbili usiku, kwa hiyo hakukuwa na haraka. Kila mmoja alichagua vitu vitano. Kumi tu kwa jumba zima. Tulikaa ndani saa sita, na kati yake tulitoka kula na kurudi.

Baba Neema alichagua vyumba vidogo vya Bi Thorne, 68, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili: zulia la ukubwa wa kiganja, kinara cha mishumaa kama njiti ya kiberiti. Alipiga magoti kwenye kila dirisha. Mimi nikampeleka kwenye mchoro wa Seurat, Jumapili ya kisiwa cha La Grande Jatte, mita mbili kwa tatu, umechorwa kwa nukta tupu. Mchoro huo ulipoazimwa New York mwaka 1958 moto ulizuka jumba lile, ukanusurika, na tangu hapo haujaazimwa tena kwa mtu yeyote. Ukitaka kuuona ni lazima uende wewe. Niliketi mbele yake mpaka mlinzi akanitabasamia.

Kisha Nighthawks ya Edward Hopper, ya 1942. Nilikuwa nimeuona mara mia vitabuni. Mgahawa usiku, taa kali, mwanamume na mwanamke wameketi bega kwa bega kwenye kaunta, mikono yao inakaribia kugusana na hawatazamani. Baba Neema aliutazama kwa muda. Akasema taratibu, "Hao ni sisi juzi." Akanishika mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hafanyi.

Baadaye tukaona mwingine, chaguo langu la mwisho, Nightlife wa Archibald Motley, wa 1943. Mwaka mmoja tu baadaye, na pia ni baa ya usiku, lakini hii ni ya watu weusi wa Bronzeville, upande wa kusini wa mji huohuo. Rangi ya zambarau imejaa kila mahali, watu wanacheza, wanabishana, chupa zimepangwa, hakuna nafasi ya mtu kukaa peke yake. Nilicheka kwa furaha. Mtu akienda Art Institute asitoke na mmoja bila mwingine.

Chakula cha usiku wa mwisho tulikula kwenye kaunta ya mgahawa mzuri, bila kuweka nafasi, saa kumi na moja na nusu jioni kabla watu hawajajaa. Sahani tatu za kushirikiana, kitindamlo kimoja, vijiko viwili. Baba Neema alimwambia mhudumu habari ya kamba kabla hata hajavua koti. Tuliona wapishi wakifanya kazi mbele yetu, tukauliza, wakatujibu. Pamoja na bahshishi ilikuwa dola 92. Sio kwamba ile ya 480 haikufaa. Ningeirudia, mara moja, tumbo likiwa tupu na bei ya vinywaji ikiwa imeulizwa.

Usiku ule tulilala ghorofa ya kumi na moja, kimya, na nikaelewa kwa nini watu wanalipia hoteli nzuri. Jumanne tulikuwa nje kuanzia asubuhi mpaka usiku. Tungeweza kulala popote. Ukitoa fedha kwa ajili ya chumba, kaa ndani yake.

Ijumaa tukapanda treni. Bahasha ilikuwa na dola 47. Tulikuwa tumewanunulia watoto kadi za picha dukani kwa jumba, Neema akapata ya Seurat, mdogo wake ya chumba kidogo cha Bi Thorne, na tukawaeleza ukweli kwamba fedha ya viatu na mpira imetumika, na kwa nini. Neema aliuliza kiazi kile kilikuwa na ladha gani.

Benki iliachia zile dola 400 siku ya tisa. Tulimrudishia dada yangu zake kwanza. Mpira ulinunuliwa wiki hiyohiyo, viatu vikasubiri mshahara wa Novemba.